Mchanga wa Chanika

Mchanga ule niliuleta mwenyewe. Nasema mapema ili mtu asije akadhani natafuta wa kumlaumu. Lori zima la mchanga mweupe kutoka Chanika, laini, hauna hata kijiti, na shimoni nilisimama mwenyewe nikawaonyesha wachimbaji wachote wapi na waache wapi. Ulipomwagwa na kusambazwa nilipongezwa mpaka nikaona haya.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nafanya kazi kilikuwa kimefungwa, na sisi wanawake tuliozoea king'ora cha zamu tukajikuta tumekaa vibarazani tunauza maandazi, tukinunuliana wenyewe kwa wenyewe. Ndipo Abdulsamad akaanzisha kampuni ya ndege. Huyu bwana Temeke nzima ilimjua. Baba yake aliuza vitambaa, yeye akauza matairi, na Serikali ilipowafungulia mlango watu binafsi, akaungana na jamaa zake wakanunua ndege kuukuu yenye injini mbili za jeti. Ubavuni akaiandika Salsabil, jina la binti yake wa kwanza. Akakodi banda pembezoni mwa uwanja wa ndege, lenye sakafu pana ya saruji mbele yake, akaajiri wanawake watano wa usafi. Mkuu wao nikawa mimi, Zuena binti Mfaume, wa Mtoni.

Wiki ya uzinduzi akaniita ofisini.

"Zuena, Jumamosi mgeni rasmi anakuja. Mama yangu anakuja. Ndege itawashwa hapa hapa mbele yao, iondoke kwenda Mwanza na abiria wa kwanza. Nataka pawe pa kupokelea watu. Wewe unajua sie tunavyopokea wageni."

Nilijua. Kwetu harusi ikikaribia, au maulidi, kabla hata ya kuulizia mchele, unaagizwa mchanga. Uwanja unafagiliwa, mchanga wa zamani wenye mikaa na magamba ya samaki unazolewa, unamwagwa mpya mweupe. Mgeni anakanyaga mahali ambapo hapajakanyagwa na mtu. Nyumba inayopokea wageni juu ya vumbi la mwaka jana itasemwa mpaka harusi nyingine. Na ile saruji ya Abdulsamad ilikuwa aibu: imepasuka pasuka, ina madoa ya mafuta, nyasi zimeota kwenye nyufa. Niliitazama nikaona dawa yake ni moja tu.

Alhamisi tukausambaza, unene wa vidole viwili. Bi Hamdiya, mama yake Abdulsamad, akaletwa kuangalia. Bibi wa miaka sabini na kitu, mkali, macho hayamkosi mtu. Akavua kiatu kimoja, akaukanyaga kwa kidole gumba, akasema, "Aliyefanya hivi kalelewa." Nilirudi Mtoni siku hiyo nasalimia hata nisiowajua.

Ijumaa asubuhi ndege ikawa inawasili kutoka ilikokuwa inatengenezwa. Tukajipanga ukingoni mwa sakafu, kanga mpya sare, tayari kwa vigelegele. Mwenzangu Demetria, mtu wa Songea, alikuwa amejifunza vigelegele wiki nzima na bado alitoa sauti kama mlango mbovu. Ndege ikatua, ikageuka, ikaanza kuja kwetu na mngurumo wake. Sisi "aririririri!" Halafu ikasimama. Mbali, kama hatua mia mbili. Injini zikazimwa, moja, kisha ya pili.

"Mbona haiji?" Abdulsamad akauliza.

Mlango ukafunguka, akateremka mtu mmoja mrefu mwenye mfuko wa turubai begani, akatembea kuja kwetu bila haraka. Alikuwa Leodegar, fundi mkuu, Mhaya wa Bukoba aliyekula chumvi nyingi kwenye ndege za watu. Alipofika ukingoni hakukanyaga. Alichuchumaa, akachota mchanga kiganjani, akaupuliza.

"Nani kamwaga hii?"

Wenzangu wote wakanigeukia. Mimi kifua mbele: "Mie, fundi. Shikamoo."

"Marahaba, dada." Akanitazama kwa muda, na ninachokumbuka ni kwamba hakunikaripia. Angenikaripia ningejua la kumjibu. Akafungua mfuko wake, akatoa kitu kimefungwa kwa tambara, akanipa. "Shika. Pitisha kidole ukingoni, taratibu."

Kilikuwa kipande cha chuma, bapa la pangaboi la injini, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kifundo. Upande mmoja ulikuwa laini kama kioo. Upande wa pili umeliwa, una mapengo mapengo kama sega lililovunjika meno.

"Ndege hii ilikuwa inatua kwenye kiwanja cha mchanga huko kaskazini," akasema. "Miezi mitatu tu. Injini ya jeti inavuta, dada. Ikiwa imesimama hapa, mdomo wake uko chini namna hii," akaonyesha usawa wa goti, "inanyonya kila kilicho mbele yake. Mchanga unapita kwenye mabapa yanayozunguka kwa kasi usiyoweza kuihesabu, unayakwangua. Ukimaliza hapo unaingia ndani kwenye moto. Humo unayeyuka, unaganda kwenye vyuma kama sukari iliyoungulia sufuriani. Vile vitundu vya kupitishia hewa ya kupooza vinaziba. Chuma kinapata joto, kinalegea. Siku moja rubani anaongeza nguvu ili aruke, na nguvu haipo."

"Na watu wamo ndani," nikasema.

"Watu arobaini."

Nilikuwa na lile bapa mkononi, na vigelegele vyangu mwenyewe bado masikioni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Abdulsamad alikuwa amesikia yote, lakini kusikia ni jambo moja. "Fundi, huko Uarabuni kwa ami zangu ni jangwa tupu. Ndege zinaruka kila siku."

"Zinaruka, bosi. Na injini zao zinafunguliwa na kubadilishwa upesi, wana za akiba ghalani. Sisi tunazo hizi mbili."

"Kwa hiyo kesho mgeni rasmi nimsimamishe juu ya saruji iliyopasuka? Mama yangu kausifia mchanga huu mbele za watu. Nimwambie nini? Ndege itakokotwa na trekta mpaka hapa, itawashwa hapa, dakika kumi tu. Wageni wakiondoka mtafagia. Mchanga unabaki." Akatazama saa yake. "Nakwenda msikitini."

Akaingia garini akaenda Ijumaa.

Nilikuwa na hasira, sifichi. Nilimkasirikia Abdulsamad kwa ubishi wake, nikamkasirikia Leodegar kwa kunipa kile chuma mbele ya wenzangu, na nikajikasirikia mimi zaidi ya wote, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi nzuri kabisa ya kuua watu. Demetria akanivuta pembeni.

"Dada Zuena, bosi keshasema. Tukiuondoa kazi hatuna. Tutarudi kwenye maandazi."

"Wewe ondoka basi. Mie niliuleta, mie nitauondoa."

"Nimesema naondoka?" akajibu kwa ukali, akaenda kuchukua sepetu.

Sepetu ilikuwa kazi nyepesi. Tulizoa, tukajaza matoroli, na mimi nikaamua mchanga hautatupwa. Kutoka getini mpaka kwenye turubai la wageni, nyuma kabisa ya banda, palikuwa na njia ya udongo. Tukaumwaga huko. Mgeni rasmi atakanyaga mweupe, Bi Hamdiya atakanyaga mweupe, na Abdulsamad asinililie.

Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza. Mtu asiyefagia hajui kwamba mchanga mwingi si tatizo, tatizo ni ule uliobaki. Tulipoanza kufagia, vumbi likainuka likatua nyuma yetu pale pale. Leodegar akaja akachuchumaa, akaokota njiti mbili za ufagio wa chelewa zilizokatika. "Na hizi pia zinavutwa," akasema, akazitia mfukoni. Nikaweka fagio zote chini.

"Basi tunadeki," nikasema.

Tukaleta magunia, tukayalowanisha, tukayaburuta watano sambamba, kama tunavyodeki ukumbi kabla ya kutandika mikeka. Gunia likishiba mchanga linasuuzwa kwenye pipa, maji machafu yanamwagwa nyuma. Kwenda na kurudi. Magoti yalikuwa yanalia. Mara ya tatu saruji ikawa nyeusi kwa maji na mimi nikadhani tumemaliza, mpaka jua lilipoikausha. Kila ufa ulikuwa umejaa. Mistari myeupe sakafu nzima.

Hapo nilikaa chini. Nakiri nilikaa. Nyufa zile zilikuwa nyingi kuliko mistari ya viganja vyetu vyote kumi. Nikamwambia Demetria alete unga wa ngano tuukande, maana donge la unga linaokota kila kitu, hata chembe za kioo kilichovunjika.

Leodegar akatikisa kichwa. "Unga utaita kunguru. Kunguru mmoja akiingia kwenye injini ni mbaya kuliko mchanga wako."

"Kila kitu hapa kinaingia kwenye hiyo injini yako! Ina tumbo gani?"

Akacheka, kwa mara ya kwanza. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nawaza. Halafu nikakumbuka sabuni. Sabuni ya mche, ukiiloweka mpaka ikalainika, inanata kuliko unga, na kunguru hana haja nayo, labda kama kwenu mna kunguru wanaofua. Tukanunua miche kwenye duka la nje ya geti, tukaikata vipande, tukailoweka. Kila mmoja akachukua ufa wake. Unakandamiza, unainua, sabuni imejaa chembe, unakwangua kwenye kopo, unakandamiza tena. Hatua kwa hatua, kwa magoti. Leodegar alipiga magoti nasi, shati limetolewa, akafanya ufa mmoja mrefu peke yake mpaka mwisho. Tukimaliza sehemu, tunafuta kwa tambara bichi. Adhana ya magharibi ilitukuta kwenye ufa wa mwisho. Mikono yetu ilikuwa imekunjamana kama tumefua nguo za msiba.

Leodegar akapita sakafu yote peku, polepole. Mguu peku hauongopi, alisema. Aliporudi akaniambia neno moja tu: "Safi."

Asubuhi ya Jumamosi nilifika saa kumi na mbili. Trekta likaikokota Salsabil mpaka mbele ya banda, nyeupe, ndefu, injini zake zimening'inia chini ya mbawa kama Leodegar alivyosema, midomo wazi. Tukaifuta sakafu mara moja zaidi. Saa moja gari la Abdulsamad likaingia getini, naye akashuka akatembea juu ya mchanga wake mweupe, kanzu mpya, makubadhi mapya, akakata kona ya banda na kuiona saruji tupu.

Hakusalimia. Alikuja moja kwa moja mpaka karibu na ndege, niliposimama.

"Nilisema nini jana?"

"Ulisema mchanga unabaki, bosi. Umebaki. Uko njiani kwa wageni."

"Unanifanyia mzaha?"

"Sifanyi. Mie ndiye niliyekosea kuuleta hapa. Ungekula injini zako, ungekula na watu."

"Zuena, hii ni mali ya nani?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo mbaya zaidi. "Ndege hii ikishaondoka, chukua vitu vyako. Wewe na mie basi."

Moyo ulinipasuka, nisiseme uongo. Niliiwaza nyumba yangu, nikakiwaza kibaraza na maandazi. Lakini kabla sijajibu nilitazama chini nikaona kitu kilichonisahaulisha hata kufukuzwa. Nyuma yake, kutoka konani mpaka chini ya bawa, kulikuwa na nyayo. Nyayo nyeupe za makubadhi, moja moja, kila moja imebeba kiganja cha mchanga, na ya mwisho ilikuwa mbele kabisa ya mdomo wa injini.

Kumbe nilikuwa nimekosea tena. Nimeutoa mchanga mlangoni nikautandika njiani, na watu sitini watakuja nao miguuni, wote, na kila mmoja atataka kuigusa ndege.

"Demetria! Matambara! Na kanga zote zilowanishwe!" Nilishaanza kupiga magoti kufuta nyayo za bosi wangu, yeye bado amesimama. "Sawa, nitaondoka. Lakini mpaka ndege ipae nipo kazini. Rudi nyuma, bosi. Pita ulipopita."

Nadhani alirudi nyuma kwa mshangao tu.

Tukatandika kanga mbichi ukingo wote wa saruji, zile kanga zetu mpya za sare. Muda wa kuuzoa mchanga tena haukuwepo, magari yalikuwa yanaingia getini. Mimi nikasimama kwenye ukingo, katikati.

Wageni wakaja na suti zao na viatu vinavyong'aa. Mgeni rasmi mbele, wapambe wake nyuma.

"Shikamoo, mheshimiwa. Tunavua viatu hapa."

"Tunavua viatu?" Akanitazama, akaitazama sakafu ya saruji yenye nyufa, akatafuta wa kumuuliza. Mpambe mmoja akasogea kunitoa. Abdulsamad alikuwa pembeni kwenye mchanga, uso mwekundu, midomo imebana. Kama angesema neno moja ningetolewa.

Nikasikia fimbo ikigonga. Bi Hamdiya akapita katikati ya suti zile akafika mbele yangu. Nilimwamkia, nikampa lile bapa nililokuwa nimeazima kwa Leodegar. "Mama, mchanga wangu ungefanya hivi. Umo kwenye viatu vyenu."

Akapitisha kidole ukingoni, kwenye mapengo. Alilipitia lote, mpaka mwisho. Kisha akanirudishia, akaegemea bega langu, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavipanga vizuri sambamba, akafuta miguu kwenye kanga.

"Kwani mie naingiaga nyumba ya mtu na viatu?" akasema kwa sauti ya kusikika. "Enhe, nyie mnangoja nini?"

Wakavua. Wote. Mgeni rasmi alikuwa na soksi yenye tundu, kidole gumba kinachungulia, na hakuna aliyecheka isipokuwa Demetria, aliyegeuka akajifanya anakohoa. Abiria wakavua, wakafuta viatu vyao kwenye kanga, wakapanda navyo mkononi. Mtu mmoja tu hakuvua. Abdulsamad alibaki kule upande wa mchanga na makubadhi yake, anapeana mikono na watu akiwa mbali, na dua iliposomwa chini ya bawa la ndege yake aliinua mikono akiwa peke yake.

Wageni wakarudishwa nyuma. Leodegar akanionyesha nisimame wapi. Injini ya kwanza ikaanza kwa mluzi mwembamba, mluzi ukawa ngurumo, na niliona kwa macho yangu jinsi inavyovuta: tone la maji lililobaki kwenye saruji likainuka, likajisokota likawa uzi, likaingia mdomoni. Maji tu. Hakuna kilichofuata. Nililia pale, na kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba sikujisikia.

Ndege ilirudi alasiri. Leodegar akaingiza tochi kwenye injini zote mbili, akachukua muda wake. Halafu akaniita. "Weka mkono, dada. Ingiza mpaka begani." Nikapitisha kiganja kwenye bapa moja baada ya jingine, na kiganja kilitoka kama kilivyoingia. Abdulsamad alikuwa anatutazama kutoka mlango wa ofisi. Nikafunga matambara yangu kwenye ndoo nikaondoka kwenda Mtoni.

Jumapili nilikanda unga wa maandazi.

Jumatatu nikaenda kuchukua kanga zangu na raba zangu za kazini nilizoziacha bandani. Niliingia geti la nyuma nisionane na mtu. Ile njia ya mchanga ilikuwa imezolewa yote, udongo wake umemwagiwa maji ukashindiliwa. Nilipokata kona ya banda nilisimama.

Kanga zilikuwa zimetandikwa ukingoni, mbichi. Na mbele yake viatu vimepangwa mstari mmoja: buti za Leodegar, viatu vyeusi vya rubani vilivyong'arishwa, kandambili za Demetria moja imefungwa waya. Mwanzo kabisa wa mstari, sambamba kama vilivyopangwa na mtu aliyefundishwa na mama yake, yalikuwepo makubadhi mapya ya kahawia. Ukingoni hapakuwa na mtu amesimama kuwaambia wavue.

Mbele ya banda, chini ya bawa, mtu mwenye kanzu iliyokunjwa mpaka magotini alikuwa amechuchumaa peku, ameshika kipande cha sabuni, anahangaika na ufa. Alikuwa anaikandamiza vibaya, ikiwa bado kavu.

"Iloweke kwanza," nikamwambia kutoka pale pale.

Abdulsamad akageuka. Akanitazama, akakitazama kile kipande cha sabuni, akanyoosha mkono akaonyesha pipa la maji lilipo, kana kwamba mimi silijui.

Nikavua viatu.